Kijana Muislamu na Masta ya Elimu ya Jamii

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma digrii ya pili, na hasa ile niliyoisoma mimi, sosholojia, yaani elimu ya jamii. Najua wengine mshaanza kucheka. "Sosholojia? Si bora udaktari? Ukimaliza utaajiriwa na nani?" Mamangu aliniuliza hivyo hivyo, na siku ile sikuwa na jibu. Leo yuko hapa amekaa nyuma, basi nitajaribu kumjibu.

Kwanza tuondoe fikira kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafariki Cairo mwaka 1406. Alikuwa mwanachuoni na kadhi. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, alieleza elimu aliyoiita ya umran: jinsi watu wanavyokaa pamoja, kwa nini dola husimama kisha ikaanguka, na ile asabiyya, mshikamano unaowafunga watu, hupatikana vipi na hupotea vipi. Émile Durkheim, Mfaransa anayesomeshwa katika kila darasa la sosholojia, alizaliwa mwaka 1858. Hesabu wewe mwenyewe ni karne ngapi baadaye.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1979 Margaret Strobel, Mmarekani, alichapisha kitabu juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa tangu 1890 hadi 1975. Mwaka 1998 Susan Hirsch, naye Mmarekani, akachapisha chake juu ya wanawake na wanaume wa pwani yetu wanapopelekana mbele ya kadhi. Ni kazi kubwa, na wenyewe walikuja wakakaa, wakajifunza lugha, wakasikiliza. Hatuwalaumu hata kidogo. Wako wetu pia: Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff waliandika mwaka 1994 juu ya Mswahili na utambulisho wake. Lakini nawauliza, nani ataandika habari za ndoa zinazovunjika kabla ya mwaka mmoja? Za kijana aliyeingia kwenye unga, na mamake anayemficha? Ukingoja mgeni aje akueleze nyumba yako, usilalamike akikosea mlango.

Basi tuseme umeazimia. Unaanzia wapi?

Vyuo vyetu vingi hutaka digrii ya kwanza ya daraja la pili la juu. Wa daraja la pili la chini usikate tamaa: viko vinavyokukubali ukiwa na miaka kadhaa ya kazi inayohusiana na masomo. Utatakiwa vyeti, matokeo yako yote ya chuo, barua za walimu wawili au watatu wanaokujua, na maelezo yako mwenyewe ya kwa nini unataka kusoma. Hapo kwenye maelezo ndipo wengi wanapoanguka. Wanaandika, "Tangu utotoni napenda sana elimu." Nani asiyesema hivyo? Andika jambo moja unalotaka kulijua, na useme kwa nini linakukosesha usingizi. Na hao walimu waombe barua mapema, kwa adabu. Usimtumie mwalimu ujumbe usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Pesa je? Usikimbilie kumwambia mzee auze shamba. Tafuta ufadhili kwanza. Serikali ya Uturuki ina Türkiye Bursları, unaomba kwenye intaneti bila kulipa hata shilingi, na ukipata unafundishwa Kituruki mwaka mmoja kabla ya masomo. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, iliyo Jeddah, nayo inafadhili wanafunzi. Na yeyote anayekuambia umtumie pesa kwa simu ndipo akupatie ufadhili, huyo ni mwizi, mkimbie. Mikopo yenye riba waulizeni masheikh wetu kabla ya kutia sahihi, si baada.

Masomo ya darasani ni kama mwaka mmoja, na wengi huyamaliza. Kisha inakuja tasnifu, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea, wasimamizi wanalirudisha, unaandika tena. Unachukua kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Unakwenda uwanjani, unarudi, unachambua, unaandika, unatetea, unarekebisha. Hakuna kengele inayolia ukachelewa. Mwezi unakuwa mwaka, mtu anapata kazi, anaoa, na tasnifu iko ndani ya kompyuta inalala. Dawa niliyoiona mimi ni ndogo: andika ukurasa mmoja kila siku baada ya alfajiri, uwe mzuri uwe mbaya. Na chagua mada unayoweza kuifikia kwa matatu ya shilingi chache.

Mimi nilichagua talaka katika ndoa changa, huku kwetu Kisauni. Nilitakiwa nijaze hojaji 120. Wanawake walinifungulia milango na nyoyo. Lakini wanaume walinichosha wallahi! Leo njoo kesho, kesho njoo Jumatatu. Ramadhan ikaingia nina 101. Msimamizi anataka kazi, sherehe ya mahafali inakaribia, zimebaki 19 tu.

Usiku mmoja baada ya tarawehe nikajifungia chumbani na biro tatu za rangi mbalimbali, hati isionekane moja. Nikaanza kuzijaza mwenyewe. Nakiri mbele yenu. Nilijaza tatu. Nikijiambia, kwani si najua watakavyojibu? Nani atajua?

Nikasikia kiu, nikainuka kunywa maji. Nilipofungua friji nikasimama. Mchana kutwa nilikuwa peke yangu nyumbani, na chupa ile ile ilikuwa pale, baridi, na sikuigusa. Nani alikuwa akiniona? Sikuinywa kwa sababu nilijua kuna anayeona. Sasa vipi mchana namwogopa Mwenyezi Mungu kwa maji, na usiku simwogopi kwa maneno ya watu ambao hawakuyasema?

Nikazichana zile tatu. Baada ya Idd nikazunguka tena nikapata 11. Tasnifu yangu inasema 112, na inaeleza kwa nini hazikutimia. Yale mahafali yalinipita, nikangoja mengine. Nililia, siwafichi. Lakini kila neno lililomo ndani lina mtu aliyelisema.

Ndugu zangu, rudini mkaisome Suratul Hujurat na tafsiri yake. Aya ya 6 inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuidhuru kaumu kwa ujinga. Aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Aya ya 13 inatukumbusha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Mtafiti Muislamu anahitaji nini zaidi? Hakikisha, chunga siri za watu, na shabaha yako iwe kujuana. Mpaka leo mashoga zangu huniuliza, "Yule wa ukurasa fulani si ni fulani?" Siwajibu. Ni amana, nitaulizwa.

Na wako wenzetu wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu kwa malipo. Najua maisha ni magumu na vijana wengi wana digrii bila kazi. Simhukumu mtu. Lakini tujiulize: mtu anapopewa cheti kwa kazi niliyomfanyia, si nimemsaidia kudanganya? Ikiwa Mtume (S.A.W.) alikataza ghashi sokoni, kwenye chakula, basi kwenye elimu vipi?

Wazazi, nanyi msimzuie binti aliyefaulu kwa kuogopa ataachwa bila mume. Elimu haijamkimbiza mume mwema. Tena kuna milango ambayo mtafiti mwanamume hawezi kuibisha, na nyuma ya milango hiyo kuna dada zetu wanaoumia kimya.

Sasa mama, jibu lako. Nilipomaliza nilikaa miezi minane bila kazi, na ulinyamaza, Mungu akulipe. Leo nafanya kazi na familia zenye migogoro. Mshahara si wa daktari. Lakini wiki iliyopita walikuja vijana wawili, ndoa ina miezi mitano, kila mmoja amebeba nguo zake. Nikawasikiliza kama nilivyofundishwa kusikiliza, bila kuhukumu, mmoja mmoja. Waliondoka kwa tuktuk moja. Kesho sijui. Lakini siku ile walirudi nyumba moja.

Mwezi huu mtukufu tunafundishwa uaminifu wa mahali pasipo na shahidi. Tusiuache msikitini. Twende nao darasani, uwanjani, na mbele ya karatasi tupu.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.