Boliti Ndogo, Hasara Kubwa: Tutunze Lori la Kikundi

Mazungumzo na viongozi, madereva na wanachama wa vikundi vya kujisaidia



Katika mikutano mingine tumezungumza juu ya vitabu vya hesabu, mikopo na uchaguzi wa kamati. Leo tumechagua kitu kidogo kinachotosha kiganjani: boliti ya kumwagia oili. Wengine mtacheka. Lakini tunajua kikundi kimoja ambacho boliti hii ilikilaza chini, na wenyewe wamekubali tuwaeleze bila kutaja jina lao.

Kikundi hicho kina lori dogo la kubeba maziwa asubuhi na mboga jioni. Walilinunua kwa michango ya miaka mingi. Oili walikuwa wakibadilisha wenyewe chini ya mti, jambo ambalo si baya, maana linapunguza gharama. Siku moja taniboi alipokuwa akirudisha boliti baada ya kumwaga oili, aliona inazunguka tu, haikazi. Meno yake, yale mafundi huita thredi, yalikuwa yamelika. Kijana akaogopa. Akaizungushia kipande cha blada, akaisukuma ndani, akanyamaza.

Baada ya siku chache doa jeusi likaonekana pale lori linapolala. Watu waliliona, hakuna aliyeuliza. Halafu asubuhi moja, barabarani, boliti ikaanguka na oili yote ikamwagika. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva akasema, "Taa za gari hili huwaka ovyo," akaendelea ili maziwa yasichelewe. Hakufika mbali. Injini ikagonga, ikakwama. Imenoki, kama wanavyosema makanika.

Lori lilikaa miezi miwili bila kazi. Maziwa yalibebwa kwa punda na magari ya kukodi, mengine yakaharibika. Karo za watoto zikachelewa. Kamati ikaamua kwamba taniboi alipe injini yote au aende kortini. Tuliitwa kushuhudia uamuzi huo.

Tuliomba jambo moja kwanza: kila aliyewahi kukaza boliti ile asimame. Kimya kirefu. Akasimama dereva, akasimama dereva wa zamu, akasimama mzee mmoja wa kamati. Wakafika watu saba. Kila mmoja alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote "ili isilegee." Na ilipofika swali la lile bomba la chuma walilokuwa wakiingiza kwenye spana ili kuongeza nguvu, ikajulikana lilitoka ofisini kwetu. Sisi ndio tuliwaazima. Tuliwafundisha kuweka hesabu za maziwa, lakini kuhusu lori lenyewe hatukuwafundisha neno, ila tuliwapa bomba. Ilibidi na sisi tusimame.

Kijana hakulipishwa injini. Alikosa, kwa kuwa alificha, naye aliomba msamaha. Dereva pia alikosa, kwa kupuuza taa. Lakini meno ya boliti hayakulika kwa mkono mmoja. Kwa hiyo hasara ilibebwa na wote.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Chini ya injini kuna sampu, yaani bakuli linalohifadhi oili. Boliti hufunga tundu lililo chini ya bakuli hilo. Kati ya boliti na sampu, katika magari mengi, kuna washa laini ya shaba, aluminiamu au ya namna nyingine. Hapa ndipo wengi wetu hukosea: kinachozuia oili isivuje ni washa, si nguvu za mkono. Washa ikiwa imechakaa, hata mkikaza wanaume watatu itavuja. Na mkizidi kukaza, meno yatakatika.

Ukitaka kubadilisha oili, fuata haya:

1. Egesha lori mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

2. Injini iwe vuguvugu, isiwe ya moto. Oili ya moto huchoma ngozi vibaya.

3. Tumia spana ya saizi kamili. Sokoti ya pembe sita hushika kichwa vizuri kuliko ya pembe kumi na mbili. Boliti hufunguka kinyume cha mwendo wa saa, ukiitazama kichwani. Ukilala chini ya gari ni rahisi kuchanganyikiwa na kumbe unazidi kuikaza.

4. Kurudisha, anza kwa vidole. Iingie mizunguko kadhaa bila spana. Ikikataa, usilazimishe. Huenda imeingia upande. Itoe, ifute, anza upya.

5. Weka washa mpya, kisha kaza kwa spana ya urefu wa kawaida. Kitabu cha gari hutaja kipimo cha kukaza, na karakana yenye spana ya kupimia itawasaidia. Bomba la kuongeza nguvu libaki nyumbani.

6. Jaza oili mpya kwanza, kisha washa injini kidogo, chungulia chini kama kuna tone. Zima, ngoja, pima oili kwa kijiti chake.

Je, kama uharibifu umeshatokea? Kwanza tofautisha mambo mawili. Kama ni kichwa cha boliti kilichoviringika na spana inateleza, meno ya ndani huenda bado ni mazima. Fundi anaweza kugongelea sokoti iliyobana kidogo, au kukishika kwa koleo la kujifunga, akaifungua taratibu. Baada ya hapo boliti hiyo isirudishwe. Nunueni nyingine ya saizi ile ile na meno ya aina ile ile.

Kama boliti inazunguka bila kutoka wala kukaza, basi meno yamelika. Ikiwa haitoki, mafundi huingiza bisibisi nyuma ya kichwa, wakivuta nje huku wakiizungusha. Ikishatoka, angalieni: ni meno ya boliti au ya tundu? Kama ni ya boliti tu, mna bahati, boliti mpya na washa vinatosha. Kama ni ya tundu, kuna njia tatu. Ya kwanza, kukata meno mapya na kutumia boliti nene zaidi. Ya pili, kuweka kikoba cha chuma chenye meno mapya ndani ya tundu, na hii hufaa sana kwa sampu ya aluminiamu. Ya tatu, kubadilisha sampu. Sampu ya chuma inaweza pia kuchomelewa nati mpya, lakini ishushwe na kuoshwa kabisa kwanza, maana oili na moto ni maadui. Njia yoyote inayokata chuma, vipande vidogo vyote viondolewe. Vikibaki humo vitaingia kwenye injini.

Blada, sabuni na gundi si dawa. Joto na mtikiso wa injini vitavishinda. Kama mko mbali na fundi, afadhali lori livutwe.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, simama mahali salama na uzime injini papo hapo. Usiseme "nifike tu pale." Maziwa ya siku moja yatalipika, injini itawalipisha mwaka mzima.

Jambo lingine: oili chafu isimwagwe chini wala mtoni. Tunakunywa maji yale yale. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kutupa taka kwa njia ya kuchafua. Iwekeni kwenye jerikani yenye kifuniko, mpelekee karakana au kituo cha petroli kinachopokea.

Wenzetu wale leo wana daftari la lori. Kila anayegusa boliti huandika tarehe, kilomita na jina lake. Na wamepitisha kanuni moja: atakayesema mapema kwamba ameharibu kitu hatafukuzwa, ila atakayeficha ataitwa mbele ya kamati. Tangu hapo taniboi yule yule ndiye wa kwanza kuinama chini ya lori kila asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mtu hawezi kuziba ufa anaoogopa kuutaja.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika kikundi chetu, nani hugusa lori, mashine ya kusaga au pampu? Tunaandika wapi?

2. Mwanachama akiharibu kitu leo, ataona ni salama kutuambia? Kwa nini?

3. Ni "doa" gani tunaloliona sasa hivi, na hakuna anayeuliza?