TUIHUDUMIE MASHINE YA MAZIWA IKIWA BADO NZIMA

(Maneno ya Kamati ya Mashine mbele ya wanachama. Tumeyabandika hapa ili na wale waliokuwa malishoni wayasome.)



Tunawashukuru kwa kufika, na hasa akina mama mnaofika kituoni alfajiri na ndoo kichwani. Leo hatutasema habari ya bei. Tutasema habari ya mashine ya kupoza maziwa, maana wapo wenzetu wanaouliza: "Mashine inakwenda vizuri, sasa ya nini kuifunga kila Jumamosi? Na ya nini kumlipa fundi wakati hakuna kilichovunjika?" Swali hilo ni la haki, na lazima lijibiwe.

Maziwa yakitoka kwenye chuchu yana joto la nyuzi 37 hivi. Katika joto hilo vijidudu huzaana upesi. Wapo ambao kila nusu saa idadi yao huwa mara mbili. Pigeni hesabu wenyewe: kijidudu mmoja, baada ya saa 5, amekwisha kuwa zaidi ya 1,000. Ndiyo sababu twataka maziwa yafike nyuzi 4 ndani ya saa 3. Na kwa kuwa sote twamimina katika tangi moja, yakiharibika hayachagui. Ya mwenye ng'ombe mmoja na ya mwenye ng'ombe kumi yote yatamwagwa.

Wengi hudhani mashine ile hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kuhamisha joto. Ndani ya mabomba yake imo gesi, nayo ni kama mchukuzi. Hupita chini ya tangi ikajitwisha joto la maziwa, kompresa ikaisukuma, kisha ikautua mzigo kwenye maji ya kisima yanayopita upande wa pili wa bomba. Ndiyo maana maji yale hutoka vuguvugu, nanyi mwasuuzia ndoo. Halafu mchukuzi hurudi kubeba mzigo mwingine.

Kutoa joto la lita 500 za maziwa, kutoka nyuzi 35 mpaka nyuzi 4, ni kuhamisha joto la yuniti 17 za umeme. Mashine iliyo safi huweza kulihamisha kwa yuniti 6 hivi. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini maji ya kisima chetu yana chokaa. Chokaa hiyo hugandamana ndani ya bomba, ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai. Hapo mchukuzi anafika na mzigo wake anakuta mlango umezibwa. Kila nyuzi moja ya joto inayozidi mahali hapo pa kutulia mzigo huongeza umeme kwa asilimia 2 hadi 3. Mashine hailalamiki, inakula umeme tu, kompresa inachemka, hata siku moja inazima. Na mara nyingi huzima pale mzigo ulipo mkubwa kabisa, yaani jioni, tangi limejaa. Basi kazi zenyewe ni hizi:

KILA SIKU. Mwenye zamu aandike daftarini mambo manne: joto la maziwa anapowasha mashine, saa yalipofika nyuzi 4, joto la maji yanayoingia, na joto la maji yanayotoka. Tofauti ya maji ikizidi ile ya kila siku, ujue maji yanapita machache. Tazama chujio na pampu. Ikiwa maji yanapita vizuri lakini maziwa yanachelewa kupoa, shuku ukoko au gesi, mwite fundi. Aangalie pia kama kikorogeo kinazunguka.

Umeme ukikatika, zima mashine. Ukirudi, ngoja dakika 5 ndipo uwashe. Kompresa ikiwashwa hapo hapo huanza kusukuma gesi ambayo bado imebanana, na mota yaweza kuungua. Dakika 5 si nyingi, ndugu zetu.

KILA JUMAMOSI. Zima swichi kubwa kwanza. Fungua chujio la maji, toa mchanga na majani. Futa vumbi kwenye mota. Kagua maungio ya mabomba kwa macho na kwa kitambaa: doa la mafuta kwenye ungio ni dalili kwamba gesi inavuja, kwa sababu gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa.

KILA MWEZI. Tazama kile kioo kidogo kwenye bomba la gesi. Mashine ikiwa katika mwendo, mapovu yasiyokwisha huenda ni dalili ya gesi kupungua. Tazama pia kama panya hawajatafuna nyaya.

MARA MBILI KWA MWAKA. Hapo ni fundi. Aondoe ukoko kwa asidi hafifu, akaze nyaya, apime umeme wa mota na mgandamizo wa gesi. Mtu asijaribu mwenyewe ati kupunguza gharama. Asidi ikikutana na dawa ya klorini tunayooshea vyombo hutoa hewa ya sumu, na hiyo yaweza kuua.

Sasa, habari ya gesi. Gesi si mafuta ya taa, mashine hailiili. Huzunguka ile ile miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye mtungi uliotoboka, na sisi twamlipa kila safari. Tena, gesi yetu ya R134a ikivujia angani, kilo yake 1 huipasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hii. Kwa hiyo tundu dogo hapa kwetu ni hasara ya mfuko, na pia ni hasara ya mvua tunazozitegemea.

Tunaleta mapendekezo matatu, yapigiwe kura mkutano ujao:

1. Mashine ifungwe saa moja kila Jumamosi, kuanzia saa 5 asubuhi, gari likiisha kuchukua maziwa na tangi likiwa tupu. Hakuna lita itakayopotea.

2. Zamu iwe ya watu wawili wawili, mmoja akisafisha mwenzake aandike.

3. Shilingi 5 katika kila lita ziwekwe katika mfuko wa mashine. Kwa lita 500 kwa siku, ni shilingi 75,000 kwa mwezi wa siku 30. Hesabu zake zitabandikwa ukutani hapa kila mwisho wa mwezi, kila mtu azione.

Anayeona shilingi 5 ni nyingi tunamwomba kitu kimoja. Aende nyumbani, apige hesabu ya ndoo yake ya jioni moja tu, kisha aje atuambie atalala vipi siku ikimwagwa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu leo ni chujio na ukoko. Ukuta ni kompresa mpya.



Kamati ya Mashine