Mnyweshaji Aliyesahau

Somo: Mwanzo 40, na mwanzo wa sura ya 41



Mnakijua kisa cha Yusufu gerezani. Alimfasiria mkuu wa wanyweshaji ndoto yake, akamwomba neno moja tu, kwamba akitoka amtaje kwa Farao. Mtu yule alitoka siku ya tatu, akarudishwa kazini, akasahau. Yusufu alikaa kifungoni miaka miwili mizima mingine. Tulipotoka chuo cha theolojia tulipenda sana kumhubiri mnyweshaji huyu kama mfano wa mtu asiye na shukrani. Siku hizi hatumhukumu upesi hivyo, kwa maana sisi wenyewe tu ndugu zake.

Mwaka 2023, wakati wa mvua ya mwezi wa nne, dani mmoja wa parishi yetu alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Nyumba yake iko ndani kidogo, ukiiacha barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay. Jumapili tulimwambia binti yake, "Mwambie dani kwamba Alhamisi tutamletea Meza ya Bwana." Na Alhamisi tuliamka tukiwa na nia hiyo hiyo. Tulikwenda kutafuta ufunguo wa pikipiki, tukaona mezani ripoti ya dayosisi ambayo ilikuwa imechelewa. Tukaketi kuiandika. Katikati ya ripoti tukasikia maji yakidondoka jikoni, tukaenda kuazima ngazi. Tukiwa juu ya ngazi, kijana wa kwaya akapita na habari za spika zinazouzwa Awendo. Jua lilituchwea Awendo, tukipatana bei.

Wakati wa kulala mama watoto aliuliza, "Dani anaendeleaje?"

Tulisema tutakwenda asubuhi. Alfajiri simu ililia. Dani amefariki.

Binti yake alitusimulia wakati wa matanga, kwa upole, bila kutulaumu: "Pasta, alioga mapema. Akavaa kitambaa chake cha Muungano wa Akina Mama. Akataka kiti kiwekwe mlangoni. Alikaa pale mpaka kuku wakaingia kulala." Afadhali angetulaumu. Twaamini kwamba Bwana hakumsahau dani, lakini hilo ni neno la kumfariji binti, wala si udhuru wa mchungaji.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Vyeti vya ubatizo vilichelewa miezi. Harambee mbili tulizikosa, na moja tulikuwa wageni wa heshima. Watu waliona, nao wakatoa hukumu yao: pasta huyu huwakumbuka wenye magari tu. Tulifunga na kuomba. Tuliandika kwa kalamu kwenye kiganja. Tulinunua shajara tatu kwa mwaka mmoja, na ya mwisho ilipatikana ndani ya gunia la mahindi. Msituulize ilifikaje humo.

Nuru ilitujia kwa njia ya mtoto wetu. Alikuwa gredi ya nne, mwerevu wa kuuliza maswali, lakini daftari zake zilipotea na kazi zake hazikumalizika. Viboko vimekatazwa shuleni kwa sheria ya elimu ya mwaka 2013, lakini maneno nayo huchapa, na yule mtoto alikuwa ameanza kujiita mjinga. Tulimpeleka Kisumu kwa daktari. Daktari aliuliza maswali marefu: je, huacha kazi katikati? Je, hupoteza vitu? Je, huonekana hasikii anaposemeshwa? Mama watoto alikuwa akijibu juu ya mtoto, huku macho yake yako kwetu. Daktari akafuata macho yake. Mwishowe alituomba turudi siku nyingine, peke yetu.

Hali hii madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD. Sisi twaweza kusema ni upungufu wa umakini pamoja na mahangaiko. Si jambo lililoletwa na simu. Mwaka 1798 daktari mmoja Mskoti, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu ambao akili zao haziwezi kutua juu ya neno moja. Mwaka 1902 daktari George Still aliwahutubia madaktari wenzake London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kutulia. Jina la sasa lilitokea Marekani mwaka 1987. Hali huanza utotoni, mara nyingi hurithiwa, na kwa wengi haikomi mtu anapoota ndevu. Si uvivu, si kurogwa, wala si upungufu wa imani. Mwenye hali hii aweza kukaza nia saa sita juu ya jambo linalomvutia, kisha ashindwe kuanza barua ya mistari mitatu. Alhamisi kwake iko mbali kama Mombasa, mpaka imgonge mlangoni. Dawa zipo, nazo hutolewa na daktari. Ndugu mzazi, ikiwa una mtoto wa namna hii, mpeleke hospitali kabla hujamwita mtundu.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo limesemwa sana parishini. Binti yetu mkubwa, ambaye yuko chuo, alitutilia katika simu programu ya akili unde, ile ambayo wenzetu Watanzania huiita akili mnemba. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, vijana wamezizoea programu hizi. Hazina roho wala dhamiri. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo hujibu kwa kukisia neno linalofaa kufuata.

Kila asubuhi baada ya sala twaisemea simu yote yaliyo kichwani, ovyo ovyo kama yanavyokuja: mazishi ya Jumamosi, karo, paa, mgonjwa wa Uriri, barua ya askofu. Nayo huyatenga, hutuuliza lipi lina siku yake, na hulikata kila moja vipande vidogo. Tukikwama twaiambia, "Tupe hatua ya kwanza tu." Hujibu: toa daftari la ndoa kabatini, liweke mezani, lifungue. Basi. Mtu asiye na hali hii atacheka. Sisi siku ya kwanza tulikaribia kulia, maana miaka ishirini tumekuwa tukiuona mlima tu, na hakuna aliyetuonyesha jiwe la kukanyaga. Kisha saa za kwenda twazitia katika kengele ya simu, nayo hulia hata tukiwa juu ya ngazi.

Wala haikosi makosa. Iliwahi kutupangia tutoke mazishini Nyatike na kufika mkutanoni Homa Bay baada ya saa moja, kana kwamba mazishi ya kwetu hufungwa kwa saa iliyoandikwa! Iliwahi kutupa aya ya Nabii Hosea ambayo Hosea hakuiandika kamwe. Tangu hapo mahubiri twayaandaa kwa Biblia na kalamu. Tena mambo ya siri ya watu hatuyatii humo. Aliyekuja kuungama hakuja kuiungamia kampuni ya ng'ambo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu hata kama mchungaji amezisahau. Mgonjwa wa Uriri ndani ya simu ni "mgonjwa wa Uriri" tu.

Mzee mmoja wa kanisa alitujia akauliza, "Pasta, siku hizi unaongozwa na Roho ama na simu?" Ni swali zuri, nasi tulilala nalo. Tulisoma Hesabu 15, mahali Waisraeli wanapoagizwa kutia vishada katika pindo za nguo zao, pamoja na uzi wa buluu, ili wavitazame na kuzikumbuka amri. Mungu aliwajua watu wake kuwa wasahaulifu, akawatilia uzi nguoni. Tulisoma pia Warumi 16, alipo Tertio, yule aliyeshika kalamu wakati Paulo anasema. Hakuna aliyemshtaki Paulo kwamba waraka si wake. Na mnyweshaji wetu? Hakukumbuka kwa nguvu zake mwenyewe. Ilibidi Farao aote ndoto, jumba zima litaharuki, ndipo akayataja makosa yake. Alikumbushwa kutoka nje.

Mzee alisikiliza, akasema, "Uzi hauna bando la kuisha." Hapo alitushinda. Kwa hiyo nyuma ya jalada la Biblia pana karatasi yenye majina ya wagonjwa, kwa mkono wa mama watoto.

Lakini kuna siku moja tuliitumia programu vibaya, nasi twaungama mbele yenu. Tuliiomba ituandikie barua ya kumwomba msamaha binti ya dani. Iliandika vizuri kuliko sisi. Tuliisoma mara mbili. Kila neno lilikuwa laini, na hakuna hata moja lililojua habari za kile kiti mlangoni. Tuliifuta, tukawasha pikipiki.

Binti alikuwa akianua omena. Tulimweleza yote: ufunguo, ripoti, ngazi, spika, na alivyosema daktari. Hatukuomba apunguze kosa. Alinyamaza kitambo, mikono ikiwa juu ya wavu, kisha akasema, "Mimi nilidhani ni kwa sababu sisi ni maskini."

Mwaka mzima alikuwa ameubeba mzigo huo, nasi hatukujua. Alitupikia chai. Alituuliza kama Alhamisi bado twazunguka kwa wagonjwa, kwa sababu shangazi yake upande wa Ndhiwa hatembei tena. Tulilisemea jina la kijiji simuni mbele yake, na siku, na saa. Kisha yeye mwenyewe akachukua kalamu, akaandika pia kwenye karatasi iliyo ndani ya Biblia.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemwona Yusufu gerezani miaka miwili, waone leo waliovaa na kuketi mlangoni wakitungoja sisi watumishi wako. Utufikishe kabla kuku hawajaingia. Amina.