Maua Yafaayo Nyuki, Yasiyo na Taabu Kutunza



Wako watu wengi wapandao malenge, wakayapalilia vizuri, wakaona majani yakitambaa na maua yakichanua kila asubuhi. Kisha vile vitoto vya malenge hugeuka manjano na kuanguka vingali vidogo kama yai. Mwenye shamba hulaumu udongo, au mvua, na pengine humlaumu jirani yake. Lakini mara nyingi sababu ni kwamba nyuki hawakuja. Mmea mmoja wa malenge huwa na maua ya namna mbili, ya kiume na ya kike. Ua hufunguka alfajiri, na adhuhuri limekwisha kujifunga. Katika saa hizo chache unga wa ua la kiume, ambao mabwana shamba huuita chavua, hauna budi kufikishwa kwenye ua la kike. Upepo hauiwezi kazi hiyo, maana unga huo ni mzito nao hunata. Mchukuzi wake ni nyuki.

Nyuki naye hafiki kwa hisani; hufuata chakula. Wakati wa mvua chakula hakikosekani. Mkahawa huchanua baada ya mvua, ukanukia mlima mzima, lakini zipitapo siku chache maua yake yamekauka. Taabu huja wakati wa kiangazi, na nyuki wetu wa Afrika hawana subira: njaa ikiwashika, kundi zima huuacha mzinga likahama. Wafugaji wa nyuki wa Ukambani wanaijua sana habari ya mzinga uliobaki mtupu juu ya mti. Kwa hiyo mtu akiniuliza apande ua gani, jambo la kwanza nitakalo kujua ni mwezi gani huchanua. Uzuri wake ni habari ya baadaye.

Hakika uzuri hudanganya. Bogenvilia, ipandwayo uani kwa rangi zake, rangi ile ni ya majani tu. Maua yenyewe ni vile vijiti vyeupe vidogo vilivyo katikati, navyo humfaa nyuki kidogo sana. Waridi lililozalishwa hata likajaa matabaka mpaka ndani, nyuki hana njia ya kuingia. Tena jicho la nyuki si kama letu. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki huzitambua rangi za buluu na manjano, lakini wekundu mtupu kwake ni kama weusi. Maua mekundu hupendwa zaidi na ndege chozi.

Hata hivyo mshubiri, wenye maua mekundu au ya rangi ya chungwa, nyuki huuendea sana, hasa kule Baringo, kwa sababu huchanua nchi ikiwa kavu. Nami nauweka mbele ya mimea yote kwa mtu asiyetaka kazi. Chimba chipukizi kando ya mmea mkubwa, lipande penye mawe, kisha uliache. Haliombi maji wala mbolea.

Wa pili ni mvumbashi, pamoja na ndugu yake mrehani. Maua yake ni madogo, wala hakuna apitaye njiani akasimama kuyatazama, lakini nyuki hushinda hapo. Yakiisha, ukate matawi, nao utachipua na kuchanua tena. Mkaaji wa Nairobi asiye na shamba aweza kuupanda katika debe mlangoni. Wala asiogope: nyuki aliye juu ya ua ana shughuli zake, mkali ni yule alindaye mzinga, na mzinga mahali pake ni mbali na nyumba, njia na mifugo.

Alizeti mnaijua. Kile kichwa kimoja ni mamia ya maua madogo, nayo hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa siku kadhaa. Usipande zote siku moja. Panda chache kila baada ya majuma mawili, na karamu itaendelea. Mbegu ni za kuku.

Nitasema kweli: bustani ya mbele ya nyumba peke yake haijazi mzinga asali. Nyuki huruka hata kilomita 3 akitafuta chakula, na kikapu chake kikubwa ni ua wa shamba na miti. Kwa hiyo mwenye ng'ombe na apande ua wa kaliandra. Hukatwa kwa malisho ukachipua tena, na maua yake hufunguka jioni, nyuki wakayapata kabla ya giza na mapema asubuhi. Lakini ukikata ua wote daima hautachanua kamwe; acha sehemu moja ikue. Mbaazi pia ni njema, maana zile zichelewazo kukomaa huchanua mvua zikiwa zimekwisha. Lantana msiipande, ijapokuwa huota yenyewe: huivamia malisho, na ng'ombe akiila hudhurika.

Dawa ya wadudu isipigwe juu ya maua yaliyofunguka. Ikibidi kupiga dawa shambani, ngojeni jioni nyuki wakiisha kurudi. Na wakati wa kiangazi wekeni sahani ya maji karibu na maua, yenye vijiwe vya kutua, ili nyuki wasizame wanywapo.