Kipimo na Kauli: Kiswahili katika Hesabu ya Asidi



Mjadala kuhusu Kiswahili cha sayansi huishia mara nyingi kwenye nomino: tuseme asidi au tindikali? Suala hilo lina umuhimu wake, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitusogeza mbele. Hata hivyo, katika mhadhara huu ninadai kwamba katika maabara hatari kubwa zaidi imo katika sentensi. Mfano wangu ni ukadiriaji wa asidi inayohitajika kurekebisha pH ya maji.

Kipimo cha pH kilianzishwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Namba yake inaposhuka, asidi huzidi. Na kila hatua moja ni badiliko la mara kumi katika ukolezi wa ioni za haidrojeni.

Sasa tuchukue lita 1,000 za maji yaliyotoneshwa, yenye pH 7, pamoja na asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita. Fundi akiambiwa "punguza pH hadi 4", anahitaji moli 0.0001 kwa kila lita ya maji, yaani moli 0.1 kwa maji yote. Hizo ni mililita 100 za asidi. Akiambiwa "punguza pH kwa 4", atafika pH 3, na atahitaji takriban mililita 1,000. Kati ya "hadi" na "kwa" pana tofauti ya mara kumi, ingawa maneno hayo mawili si istilahi za kisayansi.

Maji ya kisima hudai tahadhari zaidi, kwa kuwa bikaboneti iliyomo humeza asidi kabla pH haijashuka sana. Hapo hesabu ya hapo juu haitoshi. Sharti sampuli ya lita 1 itiwe asidi kidogo kidogo hadi pH inayotakiwa, kisha kiasi kilichotumika kizidishwe kwa idadi ya lita. Sampuli ikitumia mililita 2, lita 1,000 zitatumia lita 2 za asidi ileile.

Jambo la mwisho ni la usalama. Maji yakimiminwa ndani ya asidi kali, joto lake huweza kuirusha asidi usoni. Agizo "ongezea maji asidi" halielezi kipi kinaingia katika kipi. Kiambishi cha yambwa huondoa utata huo: "maji yaongezee asidi" ni agizo salama, "asidi iongezee maji" ni la hatari. Silabi moja ya sarufi yetu inalinda macho ya mtu.

Kwa hiyo, wanaotunga istilahi watunge pia sentensi za maagizo, na wanasarufi wakae meza moja na wanakemia. Lugha inayoweza kutofautisha "yaongezee" na "iongezee" haikosi uwezo wa kufundishia sayansi. Inahitaji watumiaji makini.