Feza ya Sekta ni Yetu: Tuombe Hesabu



Tangu tulipotoka ukimbizini, kila siku ya soko tunalipa kodi. Mama wa mihogo analipa, baba wa mbuzi analipa. Ile feza inaenda wapi? Kuuliza hivyo si kugombana na mukubwa. Ni haki yetu.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inapatia majimbo 40% ya mapato ya taifa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema 40% ya ile sehemu ni ya miji, komini, sekta na sheferi. Tuhesabu pamoja: kwa franka 100, 40 ni za jimbo, na ndani ya hizo, 16 zishuke mpaka huku kwetu. Asiyejua hizo 16 hawezi kuuliza kama zimefika.

Basi tufanye vitu vitatu. Kwanza, tusilipe kodi bila kitansi, na tuichunge. Pili, tutume wajumbe kwa biro ya sekta, waombe bajeti ibandikwe ukutani: ngapi imeingia, ngapi imetoka, kwa kazi gani. Tatu, sanduku letu la chama lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Anayeficha daftari lake ataomba vipi la mwenzake?

Kule Kivu ya Kusini, raia walishaitwa kwa mesaji za simu waje kuchagua kazi za bajeti. Hata huku inawezekana.

Aliyerudi kwao si mgeni. Aulize habari za nyumba.