Mkono bandia unaohisi: maneno tuliyowaambia wakimbizi wa ndani na viongozi wao



Katika familia nyingi tunazotembelea kuna mtu aliyekatwa mkono kwa sababu ya risasi, panga au bomu. Swali moja linarudi kila mara: je, ni kweli kwamba Ulaya kuna mkono bandia unaosikia ukigusa? Tunalijibu leo kwa sababu wengine wanakataa mkono wa kawaida, wakingojea huo.

Ni kweli upo. Dennis Aabo Sørensen wa Denmark alipoteza mkono wa kushoto kwa ajali ya fataki. Mwaka 2013, huko Roma, waganga walimpandikizia nyuzi ndogo sana za umeme ndani ya mishipa ya fahamu. Vidole vya mkono bandia vilikuwa na vipimo. Kipimo kikibanwa, umeme mdogo ulipita kwenye mishipa hadi ubongoni, naye akasikia kama anagusa kwa vidole vyake vilivyopotea. Alifungwa macho, na bado akatofautisha kitu laini na kigumu. Lakini jaribio lilidumu kama mwezi mmoja, kisha nyuzi zikatolewa. Huko Cleveland, Marekani, Igor Spetic alishika tunda dogo la cheri na kung'oa kikonyo chake bila kulipasua. Walipozima mfumo wa kuhisi, alipasua mengi.

Hatupendi kuwadanganya: utaalamu huo bado ni wa majaribio zaidi, na hautafika kambini karibuni. Wakati mnangoja, misuli ya kigutu inalegea na viungo vinakakamaa. Na ule mkono wa ndoano unaovutwa kwa kamba ya begani, ambao vijana wanaudharau, una faida yake. Katika aina ile inayofunga ukivuta, kadiri unavyobana ndivyo kamba inavyokaza, na bega linapata habari. Huko ni kuhisi pia, bila umeme. Heri Kwetu ya Bukavu na Shirika la Umoja la Goma zimetengeneza viungo bandia kwa miaka mingi.

Sasa ninyi viongozi. Mwenye mkono bandia hutegemea macho kufanya kazi ya ngozi. Gizani, au katika foleni ya kusukumana, hajui kama ameshika kidogo au sana. Unga ukimwagika si ulevi wala uzembe. Siku za mgao tumesikia watu wakimcheka, kisha wakamwuliza alikatwa akiwa upande gani. Swali hilo, ndugu zetu, limekwisha kuleta mapigano kati ya majirani. Tunawaomba mwahudumie hao mapema, kukiwa bado na mwanga, na mkubali ndugu yao awabebee bidoni.

Anayetaka kupimwa kigutu ajiandikishe kwa kiongozi wa bloku yake kabla ya Ijumaa. Aje na mtu wa nyumbani, kwa kuwa mazoezi yanahitaji msaidizi.